Kasha la Risasi na Mzigo wa Lawama

Kuna skrubu moja ya shaba iliyobebeshwa lawama nzito kuliko uzito wake. Ndiyo iliyofunga kifuniko cha kasha la risasi la jeshi la Uingereza, na wapenzi wa habari za vita wanaijua. Tarehe 22 Januari 1879, chini ya mlima wa Isandlwana katika nchi ya Wazulu, jeshi la Mfalme Cetshwayo liliua zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza kwa siku moja. Sababu, tunaambiwa, ni kwamba makasha yalikazwa skrubu nyingi mno, bisibisi hazikuonekana, na afisa wa stoo aliyepaswa kugawa risasi alizikumbatia mpaka mikuki ilipomfikia.

Hadithi hii naipinga. Imependwa kwa sababu inawapa afueni wakubwa wote waliohusika: jemadari hakukosea, Wazulu hawakuwazidi Waingereza akili, tatizo lilikuwa kasha. Na kila nikifuatilia namna majeshi ya karne ya 19 yalivyofunga risasi na kuzisafirisha mpaka kwa askari, naona mambo yale yale kutoka Marekani mpaka Kongo. Mzigo ukikwama, lawama inamwangukia aliyeushika mwisho, awe karani, binti wa kiwandani au mpagazi. Aliyeamua mzigo uwe na uzito gani, ufungiwe wapi na upite njia ipi, huyo hatajwi.

Tulitazame kwanza kasha lenyewe. Lilichongwa kwa mbao ngumu, mtiki au mahogani, na ndani liliwekewa bati jembamba la kuzuia unyevu. Liliingia risasi 600 za bunduki ya Martini-Henry, zikiwa katika vifurushi 60 vya karatasi, kila kifurushi risasi 10. Likijaa lilikuwa na kilo 36 hivi. Ncha zake mbili zilizungushiwa mikanda ya shaba, na mikanda hiyo ndiyo yenye skrubu nyingi. Anayeliona leo katika makumbusho anaweza kudhani kwamba askari alilazimika kuzifungua zote, moja baada ya nyingine, huku adui akimkaribia.

Hakulazimika. Mikanda haikuhusika kabisa na ufunguaji. Kifuniko kilikuwa kipande kidogo cha ubao katikati ya kasha, kimechongwa kama kabari, kinateleza katika mfereji wake, na kilizuiwa na skrubu moja tu ya inchi 2. Mwenye bisibisi aliizungusha akaitoa. Asiye na bisibisi alipiga ukingo wa kifuniko kwa kitako cha bunduki au kwa kisigino cha kiatu, skrubu ikapinda, ubao ukachomoka. Baada ya hapo alishika kishikio cha bati la ndani, akalichana, vifurushi vikawa mbele yake. Mtu mwenye haraka na mwenye kuogopa kufa angelimaliza jambo hilo kwa muda mfupi sana.

Jioni ya siku hiyo hiyo, kilomita chache tu kutoka Isandlwana, makasha ya aina hiyo yalifunguliwa usiku kucha katika kituo cha Rorke's Drift. Watu wapatao 150 walikuwa wamezingirwa na maelfu, na kasisi George Smith alizunguka ukutani akigawa risasi kwa mkono. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Rorke's Drift makasha yaligoma kufunguka. Kasha ni lile lile na askari ni wa kikosi kile kile cha 24. Tofauti ni kwamba Rorke's Drift walipigana katika duara dogo, stoo ikiwa hatua chache nyuma ya migongo yao, na Isandlwana walitawanywa katika mstari mrefu mbali na hema zao.

Na yule afisa wa stoo mchoyo? Jina lake Edward Bloomfield. Hadithi ya uchoyo wake imetoka kwa Horace Smith-Dorrien, luteni kijana aliyenusurika Isandlwana, ambaye baadaye alipanda cheo mpaka kuwa jenerali. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1925, miaka 46 baada ya vita, alisimulia jinsi Bloomfield alivyomzuia asichukue kasha kwa kuwa lilikuwa mali ya kikosi kingine. Lakini luteni huyo huyo alimwandikia baba yake barua siku chache tu baada ya vita, na humo alisema kwamba alikuwa mbele pamoja na kombania za kikosi cha 24 akiwagawia risasi za akiba. Maana yake risasi zilikuwa zinafika. Kapteni Edward Essex, ambaye naye alitoka hai, alieleza jinsi makasha yalivyopakiwa kwenye mkokoteni wa nyumbu na kupelekwa mbele, na kwamba Bloomfield aliuawa kwa risasi akiwa katika kazi hiyo ya kupakia. Mtu amekufa akipakia makasha, halafu historia ikamwandika kuwa ndiye aliyeyazuia.

Sitaki kusema kwamba hakuna aliyeishiwa risasi siku ile. Wapo, nao ni muhimu. Kanali Anthony Durnford alikuwa na wapanda farasi Waafrika wa Natal, wakiwemo Wakristo wa Edendale, ambao kila mmoja alikuwa na risasi 50 hivi. Walipigana kwa ustadi mkubwa katika korongo lililo mbele ya kambi mpaka risasi zikakaribia kwisha. Magari yao yalifika kambini nyuma yao katikati ya vurugu, na waliotumwa kuyatafuta hawakuyapata. Risasi zao zilikuwepo kambini. Zilikosa mtu wa kusema ziko wapi, na hilo halihusiani na skrubu.

Kilichoivunja kambi ni uamuzi wa waliokuwa juu. Bwana Chelmsford, jemadari mkuu, aliondoka kabla ya alfajiri na karibu nusu ya jeshi kumfuata adui ambaye hakuwa huko. Kambi haikuzungushiwa magari wala handaki. Wazulu wapatao 20,000 chini ya Ntshingwayo kaMahole walikuwa bondeni wamekaa kimya, na walipoinuka walifungua pembe zao mbili, yaani mabawa ya jeshi lao, na kuizunguka kambi kwa ustadi ambao vitabu vya Kiingereza vilichukua muda mrefu kuukiri. Baadaye ikaundwa tume ya uchunguzi, na lawama zikaenda kwa Durnford, ambaye alikuwa amekufa, na kwa askari Waafrika waliosemekana kuvunja mstari. Hadithi ya makasha ilikuja kupata nguvu kubwa katika miaka ya 1960, ikaongeza mtuhumiwa mwingine asiyeweza kujitetea.

Kwa nini basi kasha lilifungwa namna ile tangu mwanzo? Kwa sababu kila kasha ni jibu la swali moja: nani atalibeba? Kasha la Waingereza lilipimwa ili mnyama mmoja abebe mawili, moja kila ubavu. La Wamarekani lilikuwa tofauti, na linafaa kutazamwa kwa utulivu, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 ndivyo vilivyogeuza ufungaji wa risasi kuwa kazi ya viwanda vikubwa.

Risasi ya bunduki ya Springfield haikuwa na ganda la shaba. Ilikuwa karatasi iliyozungushwa kwenye kijiti, ikatiwa kipande cha madini ya risasi cha gramu 32 hivi na baruti ya gramu 4, kisha ikafungwa uzi na kukunjwa mkia. Risasi 10 zilifungwa pamoja katika kifurushi cha karatasi, na ndani yake kikawekwa kijineli chembamba chenye fataki 12, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Mbili za ziada ni kwa sababu fataki ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na vidole vinavyotetemeka huziangusha. Hesabu hiyo ya 12 kwa 10 naipenda, kwa sababu inaonyesha kuna mtu mahali fulani aliyekaa akamfikiria askari mwenye hofu.

Vifurushi 100 viliingia katika kasha la mbao, jumla risasi 1,000, na likijaa lilifika kilo 45 hivi. Halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa na mishikio, wakalibeba watu wawili kutoka garini. Askari alipewa risasi 40 za kuweka katika mkoba wake wa ngozi, na kabla ya mapigano makubwa aliongezewa 20 za mfukoni. Piga hesabu: kikosi cha watu 1,000, risasi 60 kwa kila mmoja, ni makasha 60, takribani tani 2.7, na hayo ni mapigano ya siku moja. Serikali ya Kaskazini ilitengeneza na kununua zaidi ya risasi bilioni moja kabla vita havijaisha.

Ndiyo maana Jenerali James Ripley, mkuu wa idara ya silaha mjini Washington, alizikataa kwa muda mrefu bunduki za kufyatua mfululizo kama Spencer. Wengi wamemcheka kuwa mzee aliyeogopa mapya. Mimi nadhani hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa uamuzi wake haukuwa sahihi. Yeye aliona magari. Bunduki inayokula risasi mara tano zaidi inahitaji makasha mara tano zaidi, nyumbu zaidi, majani zaidi ya kulisha nyumbu, na barabara ile ile yenye matope.

Na risasi bilioni moja zilikunjwa na mikono ya nani? Zaidi ni ya wasichana na wanawake, tena wengi wao maskini na wahamiaji, wengine watoto kabisa. Sababu zilizotolewa ni kwamba vidole vyao ni vyembamba na wana subira. Sababu nyingine, ambayo haikuhitaji kusemwa, ni kwamba mishahara yao ilikuwa midogo.

Tarehe 17 Septemba 1862, siku ile ile ya mapigano ya Antietam, ghala la silaha la Allegheny karibu na Pittsburgh lililipuka, likalipuka tena, na tena. Walikufa watu 78, wengi wao mabinti waliokuwa mezani wakifunga risasi. Maelezo yaliyotolewa na mashahidi yanatuhusu moja kwa moja sisi tunaozungumzia ufungaji: mapipa ya baruti yalikuwa yanavuja, unga ukatapakaa juu ya barabara ya mawe iliyopita mlangoni, na cheche ikaruka kutoka kwenye chuma cha gari au kwato ya farasi. Baraza la mchunguzi wa vifo liliwatia hatiani wasimamizi wa ghala kwa uzembe. Uchunguzi wa jeshi ukawasafisha.

Upande wa Kusini mambo hayakuwa bora. Tarehe 13 Machi 1863, katika kiwanda cha kisiwa cha Brown mjini Richmond, mlipuko uliua zaidi ya watu 40, na wengi wao ni wasichana. Chumba kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Waliofunga risasi mpya na waliofumua zilizoharibika, unga ukitapakaa mezani na sakafuni, waliwekwa pamoja. Lakini tukio hilo linakumbukwa kwa jina la binti mmoja, Mary Ryan, aliyeeleza kabla ya kufa kwamba fataki ilikwama kwenye ubao wake, naye akaugonga ubao juu ya meza ili itoke. Ni kweli aliugonga. Hakuwa yeye aliyeamua kazi hizo mbili zifanyike chumba kimoja.

India tunaweza kuipita haraka, kwa kuwa habari zake zinajulikana zaidi. Mwaka 1857 karatasi ya risasi ya bunduki ya Enfield ilipakwa mafuta, na askari alitakiwa kuing'ata kwa meno kabla ya kuimimina. Uvumi ukaenea kutoka Dum Dum kwamba mafuta hayo ni shahamu ya ng'ombe na nguruwe, najisi kwa Mhindu na haramu kwa Mwislamu. Aliyeandika maagizo ya utengenezaji hakufikiria mdomo utakaoing'ata. Kule Meerut askari farasi 85 walikataa kuzipokea, ingawa walizopewa zilikuwa za aina ya zamani. Walihukumiwa kazi ngumu, wakafungwa minyororo mbele ya wenzao tarehe 9 Mei, na kesho yake uasi mkubwa ukaanza. Vitabu vingi bado vinasema askari hao walikuwa washirikina.

Sasa tuje kwetu, maana karne hiyo ilikuwa na safari moja ambayo lengo lake lililotangazwa lilikuwa ni kupeleka risasi kwa askari, na waliozibeba walikuwa watu wa Unguja na pwani hii.

Emin Pasha, Mjerumani aliyeitwa awali Eduard Schnitzer, alikuwa gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria, juu ya Ziwa Albert. Baada ya majeshi ya Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudani, kuiteka Khartoum na kumuua Gordon, gavana mkuu wa Misri huko, mnamo Januari 1885, yeye na askari wake walikatikiwa na njia ya kaskazini. Akaandika barua kuomba msaada. Uingereza ikachangishana fedha chini ya William Mackinnon, tajiri wa meli, Misri ikatoa pauni 10,000, na Henry Morton Stanley akapewa uongozi. Kwa ajili ya Emin, Misri ilitoa risasi 100,000 za bunduki ya Remington, fataki 350,000 na tani 2 za baruti. Hapo hujahesabu silaha za msafara wenyewe, ikiwemo bunduki ya Maxim.

Msafara ulikusanyika Zanzibar mnamo Februari 1887 na kuajiri watu zaidi ya 600. Ukitazama ramani utadhani wangevuka Bagamoyo na kupanda bara moja kwa moja. Badala yake walipakiwa katika meli ya Madura, wakazungushwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa Mto Kongo, upande wa pili wa Afrika, ili waanze kutembea kuelekea mashariki kulikotoka meli yao. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa na haki ya kumtumia Stanley, alitaka njia ipite katika Kongo yake. Uamuzi huo mmoja, uliofanywa Ulaya kwa maslahi ya Ulaya, ndio uliokuja kuua watu wengi kuliko mshale wowote wa msituni.

Tuangalie mzigo. Desturi ya misafara ya pwani ilikuwa mpagazi kubeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, sufuria yake, posho yake, na mara nyingi bunduki. Mtumba wa nguo hukaa begani na kujikunja na mwili. Kasha la risasi halina huruma hiyo: linakaa kichwani, kona zake ni kali, uzito wake wote umekusanyika mahali pamoja, na wapagazi wazoefu walijua tofauti. Mbolea ya majani juu ya matope, mizizi, mito isiyo na daraja, miezi kadhaa katika msitu wa Ituri. Kila risasi iliyomfikia Emin ilipita juu ya utosi wa mtu.

Boti za Serikali ya Leopold zilizoahidiwa kwenye Kongo ya juu zilikutwa mbovu au hazipo. Mizigo ikawa mingi kuliko vyombo na kuliko mabega. Stanley akaugawa msafara: yeye akatangulia mwishoni mwa Juni 1887 na watu wenye nguvu, akaacha Yambuya kikosi cha nyuma chini ya Meja Edmund Barttelot, pamoja na mamia ya mizigo, wasubiri wapagazi 600 ambao Tippu Tip aliahidi katika mkataba uliotiwa saini Zanzibar.

Wakasubiri karibu mwaka mzima. Walikula muhogo mchungu ambao haukulowekwa ukatosha, wakaumwa matumbo, wakapigwa viboko kwa makosa madogo, wakazikwa mmoja mmoja kando ya makasha waliyokuwa wakiyalinda. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti 1888 akawakuta wamesogea mpaka Banalya. Kati ya watu takribani 270 wa kikosi hicho walibaki kama 100, na waliokuwa na nguvu za kutembea na mzigo ni wachache zaidi. Barttelot mwenyewe alikuwa ameshapigwa risasi na kufa mwezi uliotangulia.

Hapa lawama ilikwenda kwa Tippu Tip. Alichelewa, alisitasita, na wapagazi wake Wamanyema walipofika mnamo Juni 1888 akakataa wabebe mizigo ya uzito uliowekwa na Wazungu. Makasha yakafunguliwa, risasi zikapimwa upya, vifurushi vikafungwa vidogo. Katika maandishi ya maafisa jambo hili limeandikwa kama hila ya Mwarabu. Stanley alimshtaki Zanzibar kwa kuvunja mkataba, na kesi haikufika mbali.

Naomba tulisome upya. Tippu Tip hakuwa malaika. Utajiri wake ulitokana na pembe na watumwa, na watu wengi wa Manyema na Kongo walilia kwa ajili yake. Lakini katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, naye ana madai: baruti aliyoahidiwa kwa ajili ya watu wake hakuipata. Kwa mfanyabiashara wa misafara hilo ni jambo la msingi, kwani hutumi watu 600 kupita nchi za watu bila baruti. Na kuhusu uzito, alikuwa mtu aliyeendesha misafara tangu ujana wake. Alijua mwili unabeba nini msituni na kwa siku ngapi. Makaburi ya Yambuya yalikwisha kumthibitishia hesabu yake kabla hajaitamka.

Ikumbukwe pia kilichofika. Stanley alipokutana na Emin tarehe 29 Aprili 1888 kando ya Ziwa Albert, alimkabidhi makasha 31 ya risasi za Remington. Baada ya bahari mbili, mto mzima na msitu mzima, makasha 31. Na aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewapa waokoaji chakula na nguo, maana walifika wamechakaa. Miezi michache baadaye askari wa Emin waliasi na kumweka kizuizini. Risasi walizipata, lakini hawakumtaka mtu aliyezileta awatoe katika nchi waliyokwisha kuoa na kulima.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliwatengenezea wapagazi walionusurika nyota ya fedha, yenye maandishi ya msafara na miaka 1887 hadi 1889. Nyingi ya nyota hizo hazikuchongwa jina la aliyepewa. Maafisa wa Kizungu wa msafara, hata waliofia njiani, waliacha vitabu, barua na shajara zilizochapishwa, na ndugu zao waliwapigania magazetini dhidi ya Stanley. Ndugu wa mpagazi wa Ng'ambo au Bagamoyo hakuwa na gazeti la kumpigania. Ndiyo sababu tunajua kwa undani Barttelot alikasirishwa na nini, na hatujui wapagazi wenyewe waliambizana nini kuhusu kasha, uzito wake na wenye makosa. Wanafunzi wetu wakifundishwa safari hiyo, wafundishwe kuanzia kwenye mzigo: kilo ngapi, nani kaupanga, nani kaulipia, kwa nini ulizungushwa Rasi. Maswali hayo yanajibika kwa kumbukumbu zilizopo, na yanampa mpagazi nafasi yake bila kumtungia maneno.

Swali la nani kaulipia lina jibu lenye mkia. Si askari wote wa Equatoria waliofuatana na Emin mpaka Bagamoyo mnamo Desemba 1889. Selim Bey na mamia ya wenzake walibaki kwa Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, na silaha zao. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwafuata huko, akawaandikisha na kuwaingiza Uganda pamoja na familia zao, wakawa ngome zake upande wa magharibi. Kutokana na watu hao na wenzao ndipo likaja kuundwa jeshi la kikoloni la Uganda, na vizazi vyao ni Wanubi wa Bombo na wa Kibra mpaka leo. Wakati huo Lugard alikuwa mwajiriwa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa William Mackinnon, yule yule aliyechangisha fedha za kuwapelekea risasi.